Katibu na Kalamu ya Kubonyeza

Nyumbani kwao walianza kumwita Katibu akiwa na miaka kumi na saba, na jina likamganda mpaka hata mama yake, alipotaka kumtuma dukani, alisema, "Katibu, hebu njoo." Sababu haikuwa kubwa. Katika ukoo mzima yeye ndiye alikuwa wa kwanza kumaliza kidato cha nne akiwa na mwandiko unaosomeka. Kila kilipoitishwa kikao cha familia, kiwe cha posa, cha ugonjwa au cha ugomvi, alipewa daftari akaambiwa andika. Akaandika. Aliandika waliohudhuria na waliochelewa, tena na dakika walizochelewa. Aliandika nani alisema nini, na nani baadaye alikana kwamba amesema. Baba yake mdogo aliwahi kulalamika kwamba kwenye daftari la Katibu hata kikohozi cha mtu hakisalimiki, na haikuwa uongo. Palikuwa na mstari usemao: "Mwenyekiti alikohoa, kikao kikasimama kidogo."

Kazini alikuwa karani wa masjala katika idara ya upimaji. Masjala ilikuwa chumba kirefu cha chini, chenye rafu za chuma kutoka sakafuni hadi darini, na kidirisha kimoja cha kupokelea na kutolea mafaili. Kwa miaka ishirini na sita hakuna faili lililopotea mikononi mwake. Yalipotea mezani kwa wakubwa, yalipotea ndani ya magari ya wakubwa, na moja liligunduliwa jikoni kwa mkubwa likiwa chini ya sufuria ya moto, lakini kwake hata moja. Juu ya kidirisha alikuwa amebandika sheria aliyoiandika kwa mkono wake: kila kitabu cha kudumu kiandikwe kwa wino mweusi wa kudumu. Vijana wapya walipofika na peni zao za rangi aliwaonyesha ile karatasi kwa kidole bila kusema neno.

Kalamu aliipata siku mpimaji mkuu alipostaafu. Mzee yule alimwita ofisini, meza ikiwa tayari imefutwa na picha zimeshushwa ukutani.

"Karani," akamwambia, "nimekuahidi cheo tangu nywele zako zikiwa nyeusi."

"Ndiyo, mkuu."

"Cheo sikukupa. Sijui kwa nini, nilikuwa nasema mwakani, mwakani. Basi chukua hii."

Katibu alipokea kiboksi kidogo kwa mikono miwili na kushukuru, kama alivyozoea kushukuru. Alifika masjala, akafunga kidirisha, ndipo akafungua kiboksi. Ilikuwa kalamu ya wino, nyeusi, nzito kidogo, haina kifuniko. Aliitafuta ncha asiione. Akabonyeza kitufe cha nyuma, tok, kikafunguka kijilango kidogo mdomoni mwa kalamu, na ncha ya dhahabu ikachomoza. Akabonyeza tena, tok, ncha ikarudi ndani na mlango ukajifunga nyuma yake. Alikaa akifanya hivyo mpaka mtu akagonga kidirisha.

Wiki ile ofisi nzima ilikuja kuitazama. Mhudumu wa chai akasema, "Kumbe inatoa ulimi." Lakini kila aliyeomba kuijaribu alishindwa. Kishikizo chake cha mfukoni kilikuwa upande wa ncha, sio upande wa kitufe, ili kalamu ikikaa mfukoni ncha iangalie juu na wino usivuje. Kwa hiyo mwandishi alipaswa kukipitisha kishikizo kile katikati ya kidole gumba na cha shahada, na ncha iwe imelala sawasawa juu ya karatasi. Ukiigeuza kidogo tu inakwaruza. Watu walioshikilia peni za kawaida maisha yao yote waliandika mistari miwili, wakaona kidole kinauma, wakarudisha. Katibu ikamkaa mkononi kama aliyezaliwa nayo. Mkewe alikuwa akimkuta sebuleni jioni, kitambaa kimetandazwa, kalamu imefunguliwa vipande viwili, mumewe akiisafisha kwa maji ya vuguvugu.

"Mke mwenzangu ameshaoga?" angemuuliza. "Na mimi mgongo wangu unawasha."

Kuhusu wino alijifunza kwa machungu. Mwanzo aliijaza ule mweusi wa kudumu wa ofisini. Siku ya nne akabonyeza, ncha ikatoka nusu ikakwama. Akaiweka kwenye maji siku tatu, roho juu, kama mtu aliyelaza mtoto hospitali. Muuza duka la vifaa vya ofisi ndiye aliyemfungua macho.

"Huo wa kudumu unakauka na kuganda mle ndani, mzee wangu. Kijilango chenyewe kile kinaingiza hewa kidogo kidogo. Mara mbili zaidi na kalamu umeiua. Tumia huu wa buluu, mwepesi. Hata ukidondokea shati, ni maji na sabuni tu, umetoka."

Tangu siku hiyo vitabu vya kudumu vya masjala aliviandika kwa peni nyeusi ya ofisi, na vingine vyote, barua zake, daftari la vikao vya familia, kumbukumbu zake za kila siku, aliviandika kwa kalamu ile na wino wa buluu. Mpangilio huo aliupenda. Kila kitu kilikuwa na mahali pake.

*

Baba yao alikuwa fundi seremala. Uzee ulimwanzia machoni, dunia ikawa ukungu, kisha ukashuka miguuni. Watoto walikuwa watatu. Mkubwa aliuza mabati, na ukoo mzima ulimwita Bwana Mabati, naye alilipenda jina lile. Wa pili ndiye Katibu. Wa mwisho alikuwa msichana, aliyeachishwa shule darasa la nne ili amsaidie mama, akaolewa, akaachwa, akarudi. Baba yake alimwita Mama, kama wazazi wanavyowaita mabinti wanaowategemea. Kwa miaka sita alimlisha mzee, akamwogesha, akamgeuza kitandani. Bwana Mabati alikuja mwisho wa mwezi, akasimama mlangoni bila kuvua viatu, akauliza, "Mzee anaendeleaje?" na kabla hajajibiwa alishatazama saa. Katibu alikuja kila Jumamosi na kuandika dawa alizokunywa mzee.

Jumamosi moja mchana mzee alimwambia, "Katibu, nataka kuiandika nyumba."

"Kuiandika vipi, Baba?"

"Kaka yako nimemsikia hapo nje akipima uwanja kwa hatua. Anadhani mtu asiyeona hasikii. Mimi nikifa, dada yako atalala wapi?"

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinne, milango na madirisha yote mzee ameyatengeneza kwa mikono yake, iko karibu na barabara kuu ambako watu walikuwa wameanza kujenga maduka. Katibu akasema, kwa sauti ya mtu anayetimiza wajibu, kwamba jambo kama hilo wengine hulipeleka kwa wakili.

"Nina mtoto karani," mzee akasema. "Niende kwa wakili kufuata nini? Wakili gani ana mwandiko kama wako?"

Sifa ile ilimwingia Katibu kama chai ya moto kifuani. Hakutaja wakili tena.

Wakamwita jirani awe shahidi. Alikuwa mshonaji aliyestaafu, Fundi Cherehani, mtu wa maneno mengi na miwani iliyofungwa kwa uzi. Dada akaleta meza ndogo, akaifuta, akasimama kando. Katibu akatoa karatasi nzuri nzito, akatoa kalamu, akabonyeza.

Hapo alikumbuka. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakukumbuka. Ile sheria aliyoibandika mwenyewe juu ya kidirisha ilimpita kichwani, waziwazi, na mwandiko wake. Akafikiri kubadilisha wino kungetaka kuiosha kalamu saa nzima, na tena wa kudumu ungeiganda. Akafikiri kuomba peni. Akaitazama karatasi, akaona jinsi herufi zake zingekuwa mbaya kwa peni, nyembamba, zimekwaruzwa, za mtu yeyote. Karatasi itakaa sandukuni, akajiambia. Nani atakayeiosha?

Akaandika alichoambiwa. Kwamba yeye, seremala mstaafu, akiwa na akili zake timamu, nyumba yake na uwanja wake anamwachia binti yake wa mwisho, aliyemtunza, na ndugu zake wasimsumbue. Ilikuwa mistari tisa. Pengine hakuna ukurasa aliowahi kuuandika vizuri kuliko ule.

Wakampa mzee kalamu atie saini. Akaipapasa, akaona kitufe, na kwa mazoea ya peni akabonyeza kabla ya kuandika. Tok, ncha ikaingia ndani. Akachora hewani mpaka Fundi Cherehani akacheka.

"Mzee, umemeza ulimi wake."

"Kalamu gani hii yenye haya?" mzee akasema, naye akacheka, na dada akacheka mpaka akafuta macho.

Katibu akaibonyeza tena, akaushika mkono wa baba yake, akauweka pale mstari ulipoanzia. Mzee akaandika jina lake lote, herufi moja moja, kama anachonga. Zamu ya shahidi ikafika. Fundi Cherehani akatoa mfukoni peni yake, kifuniko kimetafunwa.

"Tumia hii, Fundi," Katibu akamwambia. "Ukurasa uwe na wino mmoja, upendeze."

"Mimi nimeizoea yangu."

"Ni saini moja tu."

"Haya, karani," akasema yule mzee, akaishika vibaya, kishikizo kikamchoma kidole, akasaini huku akinung'unika kwamba sindano zake zilikuwa na heshima kuliko kitu hiki.

Katibu akasubiri wino ukauke, akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye bahasha na kumkabidhi dada yake. "Usiifunue funue," akamwambia. "Mikunjo hukatika. Siku itakapohitajika nitaifungua mwenyewe."

"Sawa, Kaka Katibu," akasema. Na yeye alikuwa mtu wa kushika alichoambiwa.

*

Bahasha ilikaa sandukuni wiki tatu. Kisha mke wa Bwana Mabati akaja kusaidia usafi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na dada alipotoka kisimani alimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku, nguo ziko sakafuni.

"Natafuta shuka za Baba, wifi," akasema yule mwanamke.

"Shuka za Baba ziko kitandani kwa Baba, wifi. Amezilalia."

Tangu siku hiyo dada aliichukua bahasha, akaizungushia kitambaa, akaifunga kiunoni ndani ya nguo. Akaishi nayo huko. Asubuhi alichota maji, akalowesha taulo, akamwinua mzee kwa kumkumbatia, mwili uliolowa kwa mwili uliolowa, akamwogesha, akamrudisha chini. Mchana alifua mashuka. Jasho la siku nzima lilimshukia kiunoni. Miezi tisa akafanya hivyo kila siku, na hakuna aliyeweza kumlaumu kwa lolote, maana mzee hakupata hata kidonda kimoja cha mgongo.

Mwezi wa tano tangu aanze kuibeba alimpigia Katibu simu. "Kaka, ile bahasha naona imelowa pembeni. Niifungue niianike?"

Katibu alikuwa masjala. "Usiifungue," akasema. "Nitakuja Jumamosi niitazame."

Jumamosi alikuja, akamkuta mzee hali si nzuri, akaandika dawa, akakaa, akanywa chai. Dada alimtazama mara mbili akingoja aulize. Hakuuliza. Alijisemea kwamba si wakati wake, na alipokuwa njiani kurudi alijua kwamba alikuwa amekwepa. Jumamosi iliyofuata hakutaja tena, wala dada hakutaja, kwa sababu dada alidhani mtu wa maandishi akinyamaza basi mambo ni salama.

Mzee alifariki mwezi wa tisa, asubuhi, baada ya kuogeshwa.

*

Kikao kilifanyika nyumbani pale, sebuleni, juu ya viti vya mzee. Mwenyekiti alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu, mtu wa haki kadiri macho yake yalivyofika. Katibu alikaa mahali pake pa siku zote, mwisho wa meza, daftari wazi.

Bwana Mabati hakuzunguka. Alisema nyumba imechakaa, barabara imepanda thamani, yeye ataivunja na kujenga maduka manne kwa faida ya familia nzima. "Na mdogo wetu hatutamtupa," akasema. "Atapata chumba kule nyuma, karibu na stoo."

"Nikae na mabati?" dada akauliza.

"Utakaa na nduguzo."

Ndipo dada akasimama. Aliingiza mkono ndani ya nguo, akafungua kitambaa, akatoa bahasha iliyokuwa laini kama ngozi na kuiweka mbele ya Katibu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. "Baba alisema. Kaka Katibu aliandika. Na afungue."

Katibu aliifungua kwa kucha, maana ilikuwa imegandana. Karatasi ilikunjuka taratibu. Ilikuwa na mawingu ya buluu, mepesi pembeni, mazito kidogo kwenye mikunjo, kama shuka lililofuliwa pamoja na nguo inayochuja. Neno la kwanza, "Mimi," lilisomeka. Nusu ya tarehe ilisomeka. Baada ya hapo hapakuwa na herufi, wala saini ya mzee, wala ya shahidi.

Akaiweka mezani. Ikapita mkono hadi mkono. Baba Mdogo aliinua, akaigeuza, akaitazama dhidi ya dirisha. Dada alikuwa anatazama nyuso za watu, si karatasi.

"Inasemaje?" akauliza.

Karatasi ikarudishwa mezani.

"Baba Mdogo, inasemaje?"

"Haisemi kitu, mwanangu."

Fundi Cherehani alikuwa amealikwa, akasimama bila kuombwa. "Mimi nilikuwapo. Nilisikia kwa masikio haya. Marehemu alimpa binti nyumba, na mimi nikasaini. Nilitaka kusaini kwa peni yangu, karani akanikataza."

"Alikukataza kwa nini?" Bwana Mabati akauliza haraka.

"Alisema ukurasa upendeze."

Watu wawili watatu wakacheka, wakajizuia. Bwana Mabati hakucheka. Alikuwa akimtazama mdogo wake, na Katibu aliona jambo likimjia usoni kama mtu anayeona mlango umeachwa wazi.

"Jamani," akasema Bwana Mabati, pole pole, "sote tunamjua Katibu. Tangu tuko wadogo. Mtu huyu hajawahi kukosea koma. Kwao ofisini ana sheria ameibandika ukutani, nimeiona kwa macho yangu, kitu cha kudumu kiandikwe kwa wino wa kudumu. Sasa mtu kama huyo anaandika wosia wa baba yake kwa wino wa kufutika. Tena anamzuia shahidi asitumie peni yake. Mimi nauliza tu. Huyo amekosea, huyo?"

"Unataka kusema nini?" akauliza Baba Mdogo.

"Nasema Baba alikuwa anamtuliza binti yake. Alitaka kumfurahisha, basi. Na Katibu alilijua hilo, akaandika kitu cha kufutika. Kama Baba alitaka kidumu, kingedumu. Katibu hakosei."

Maneno yale yalikuwa na sura ya heshima, na ndiyo maana yalikuwa mabaya. Dada aligeuka akamtazama kaka yake wa katikati, na kwa mara ya kwanza siku ile alionyesha hofu.

"Katibu," Baba Mdogo akasema, "hili jambo ni lako. Sihitaji hotuba. Uliutumia wino ule ukijua unafutika?"

"Nilijua."

"Basi ulikusudia, au ulikosea? Ukisema ulikosea, mimi namchukua Fundi kwa neno lake na wewe kwa neno lako, na nyumba ni ya huyu binti. Nijibu hilo tu."

Jibu lilikuwa neno moja. Lilikuwa pale mdomoni, na wote walikuwa wakilingoja. Lakini Katibu aliona linavyoendelea baada ya hapo: Fundi Cherehani akilisimulia kwenye kibaraza chake, shemeji zake wakilicheka, na siku moja likifika mpaka kwenye kidirisha cha masjala, kwamba yule mzee wa sheria ya wino alimpotezea dada yake nyumba kwa sababu ya uzuri wa herufi. Miaka ishirini na sita hakuna faili. Hakupewa cheo, hakupewa chochote, alichokuwa nacho ni kwamba hakosei.

"Nilifuata utaratibu wa kalamu," akasema.

"Utaratibu wa nini?"

"Wa kalamu. Ile kalamu haichukui wino wa kudumu. Unaiharibu."

Baba Mdogo aliigonga karatasi kwa kidole. "Mwanangu, nimekuuliza ulikosea?"

Katibu aliinamisha kichwa juu ya daftari. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea kazi yake kwa miaka yote ile, uliandika, kwa buluu nzuri: "Katibu alijibu kwamba alifuata utaratibu wa kalamu."

"Basi," akasema Baba Mdogo, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Mimi siwezi kusema karatasi ina neno nisiloliona. Na aliyeiandika hasemi kwamba alikosea."

Nyumba ikawekwa chini ya mkubwa. Dada akapewa miezi miwili. Hakulia pale. Aliichukua ile karatasi mezani, akaikunja mara mbili kama alivyoiona ikikunjwa siku ile ya kwanza, akaenda chumbani kwa mzee na kufunga mlango ambao mzee aliutengeneza mwenyewe.

Nyumbani mkewe Katibu alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua mboga.

"Ungesema umekosea ungekufa?"

"Sijawahi kukosea kazini."

"Ndiyo maana hujui linavyotamkwa," akasema mkewe, na jioni ile hakumtania tena, wala ile iliyofuata.

*

Alikwenda kwa dada yake baada ya mwaka na ushee, maduka yakiwa yamefika usawa wa linta, juu ya milango. Chumba alichopanga kilikuwa cha nne katika mstari wa vyumba kumi, ukuta wa pamoja, mlango wa bati unaogoma kufunguka mpaka uinuliwe. Ndani palikuwa na kitanda, jiko, ndoo mbili, na nguo za kazi zimetundikwa kwenye msumari. Alikuwa amepata kazi ya kumtunza mzee wa watu, mtaa wa tatu kutoka pale, aliyepooza upande mmoja.

"Karibu, Kaka," akasema. Hakusema Katibu. "Kaa kitandani, kiti sina."

Akakaa. Wakaulizana habari za afya. Jirani upande wa pili wa ukuta alipiga chafya na wote wawili wakasikia kama yuko ndani nao.

"Mdogo wangu," Katibu akasema. "Nilikosea."

Dada alikuwa anafunga taulo na sabuni ndani ya mfuko. Hakuacha kufunga.

"Ule wino. Nilijua unafutika, nikakumbuka palepale nilipoanza kuandika, nikaona mwandiko utaharibika. Na uliponipigia simu nilijua. Nilikosea."

"Najua ulikosea."

"Sikuweza kulisema."

"Hilo nalo najua." Akainua mfuko, akauweka begani. "Sasa unaniambia mimi ili iwe nini? Mimi sikuwa na shaka. Siku ile chumbani kulikuwa na watu kumi na wanne, ni mimi peke yangu ambaye sikuhitaji kulisikia. Umekuja kumwambia yule yule."

"Naweza kwenda kwa Baba Mdogo. Nikamwambia."

"Baba Mdogo haendi popote sasa, hatambui watu. Na nyumba haipo, umepita pale, umeona. Utamwambia akurudishie matofali?"

Katibu alitazama mikono yake. Alitaka kusema kwamba angeandika, kwamba angeiandika habari yote kama ilivyokuwa, akaitia saini, akampa. Akafungua kinywa, kisha akalimeza neno hilo, maana alisikia mwenyewe jinsi lilivyo.

"Ninachokumbuka mimi ni kile kitufe," dada akasema. "Baba alivyocheka. Alikuwa hajacheka tangu macho yalipokufa. Niliona kama kalamu ile ina baraka." Akainua mlango wa bati kidogo, ukafunguka. "Mzee wangu huogeshwa saa nne. Nikichelewa huanza kulia, hana sauti, analia kwa machozi tu. Lazima niende."

"Nitakusindikiza."

"Usijisumbue. Ukitoka, uuinue mlango ndipo uusukume, la sivyo haufungi."

Akatoka. Katibu alimsikia akisalimiana na majirani mmoja baada ya mwingine kwenye mstari ule wote, akiwa na sauti ya kawaida, na mmoja akimuuliza mgeni ni nani.

"Ni mtu wa kwetu," akajibu, akaendelea kwenda.